Makengeza ya kuja na kuondoka kwa watoto wadogo: kupima, kuvisha miwani, na upasuaji pale unapohitajika

Mtoto ana miaka miwili na nusu, anakula vizuri, anakimbia na kucheza. Jioni akiwa amechoka, au anapokazia macho kitu kidogo alichokishika, jicho moja linaingia ndani kuelekea puani. Asubuhi limenyooka. Akipelekwa kituo cha afya mama anaambiwa mtoto hana shida, kwa kuwa saa ile macho yako sawa, au anaambiwa asubiri, yatajinyoosha mtoto akikua. Majibu hayo mawili yamewagharimu watoto wengi uoni wa jicho moja.

Mtoto mchanga anaweza kupishanisha macho mara kwa mara hadi afike miezi 3 au 4, na hilo ni la kawaida. Baada ya hapo, jicho linaloingia ndani, hata kama ni mara moja kwa siku, linahitaji kupimwa. Kipindi hiki ambacho makengeza yanakuja na kuondoka ndicho kizuri zaidi kutibu, maana ubongo bado unajua kutumia macho mawili kwa pamoja. Jicho likishakaa ndani muda wote, ubongo huanza kuipuuza picha yake, na uoni hushuka.

Maelezo haya ni kwa wahudumu wa kliniki za macho, na kwa mzazi anayetaka kujua mtoto wake anapaswa kufanyiwa nini na kwa utaratibu gani. Utaratibu ndio wenye uzito. Makosa mengi tunayokutana nayo, hasa mtoto kupasuliwa bila kuhitaji au kupasuliwa kwa vipimo visivyo sahihi, hutokana na kuruka hatua.

Kwa nini jicho linaingia ndani

Ili kuona kitu cha karibu, jicho hukaza lenzi yake, na kila lenzi inapokazwa macho mawili huvutwa ndani kidogo. Mambo hayo mawili yamefungwa pamoja kwenye ubongo. Mtoto mwenye uoni-mbali, yaani anayehitaji lenzi za kujumlisha, hulazimika kukaza hata anapotazama mbali, na akitazama karibu hukaza maradufu. Mvuto wa kuingia ndani ukizidi uwezo wake wa kuuzuia, jicho moja linapinda. Ndiyo maana huanza kwa vipindi: akiwa na nguvu anazuia, akichoka au akiwa na homa anashindwa. Aina hii huanza mara nyingi kati ya miezi 6 na miaka 7, zaidi karibu na miaka 2 na nusu, na uoni-mbali huwa karibu dayopta +4 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), ingawa wapo wa +3 na wapo wanaozidi +7.

Wazazi wengi husema makengeza yalianza baada ya degedege, surua au kuanguka. Msibishane nao. Homa kali huweza kweli kuwa siku ambayo kizuizi kilishindwa kwa mara ya kwanza, lakini uoni-mbali ulikuwepo kabla.

Hatua ya kwanza: je, ni makengeza kweli?

Watoto wengi wenye daraja pana la pua na mkunjo wa ngozi kwenye kona ya ndani ya jicho huonekana wana makengeza wakati hawana. Washa tochi ndogo umbali wa sentimita 33, mtoto aitazame, uangalie nukta ya mwanga kwenye kila jicho. Kama nukta ziko mahali pamoja katika macho yote mawili, hapo hapindi. Kama nukta ya jicho moja imehamia upande wa nje, jicho hilo limeingia ndani. Kila milimita 1 ya kuhama ni kama nyuzi 7, sawa na dayopta za prizimu 15 hivi, yaani kipimo cha ukubwa wa kupinda. Nukta ikiwa ukingoni mwa mboni, kadiria nyuzi 15, na ikiwa ukingoni mwa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, nyuzi 45.

Kipimo hiki hakitoshi kwa makengeza ya vipindi, kwa sababu mwanga haumfanyi mtoto akaze lenzi. Anaweza kuutazama macho yakiwa yamenyooka kabisa. Tumia picha ndogo yenye vitu vya kutaja, kibandiko chenye mnyama mdogo kilichogundishwa kwenye kijiti kwa mfano, umwulize sikio liko wapi, mkia uko wapi. Hapo ndipo jicho litajitokeza. Kisha funika jicho moja kwa sekunde 3 hadi 5 na utazame jicho lililo wazi: likihama kutoka ndani kwenda nje ili kushika picha, makengeza yapo. Rudia upande wa pili. Halafu hamisha kifuniko huku na huku bila kuacha macho yote mawili wazi, ili kukivunja kizuizi. Fanya hivyo karibu na mbali, mita 6 ikiwezekana. Korido ndefu inatosha.

Mwombe mzazi alete video ya simu iliyochukuliwa jioni. Video ya sekunde 20 ya mtoto akiangalia kitu kidogo ina thamani kuliko maelezo marefu. Picha za zamani za mtoto nazo zitakuonyesha ilianza lini.

Hatua ya pili: ondoa yale ya hatari

Kabla ya kuzungumzia miwani, mambo mawili lazima yaangaliwe siku hiyo hiyo. La kwanza ni mng'ao mwekundu. Kwenye chumba chenye giza, tazama mboni zote mbili kwa ofthalmoskopu (tochi ya kutazamia ndani ya jicho) ukiwa umbali wa mkono mmoja. Mng'ao mweupe, au mboni moja kufifia kuliko nyingine, ni dharura: huweza kuwa saratani ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) au mtoto wa jicho. Makengeza ni dalili ya pili kwa wingi ya saratani hiyo, ikitanguliwa na mboni nyeupe pekee. Hakuna mtoto mwenye makengeza anayepaswa kuondoka bila retina yake kutazamwa mboni zikiwa zimepanuliwa.

La pili ni kama jicho linaweza kutoka nje. Mwelekeze mtoto atazame kulia kabisa na kushoto kabisa. Jicho lisilofika kona ya nje linaashiria mshipa wa fahamu wa sita umelegea. Likiambatana na kichwa kuuma, kutapika asubuhi, kuyumba, au makengeza yaliyozuka ghafla kwa mtoto asiye na uoni-mbali, apelekwe apigwe picha ya ubongo bila kuchelewa. Kumpima miwani kwanza ni kupoteza siku.

Ipo aina nyingine adimu ambayo huwachanganya hata wenye uzoefu: siku moja jicho limepinda wazi, siku inayofuata limenyooka kabisa, na mzunguko huo wa saa 48 unajirudia kama kalenda. Mzazi akisema hivyo mwamini, umpangie kuja siku mbili mfululizo. Aina hii haisaidiwi sana na miwani; hupasuliwa kwa kipimo kamili cha siku ya kupinda.

Jicho linalotoka nje badala ya kuingia ndani ni ugonjwa tofauti na hatuuelezi hapa. Dalili yake mashuhuri ni mtoto kufumba jicho moja akiwa juani.

Hatua ya tatu: kupima kwa matone ya kulegeza lenzi

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na hakuna inayoweza kuchukua nafasi yake. Mashine ya kompyuta bila matone itakupa +1 kwa mtoto mwenye +5, kwa sababu anakaza lenzi wakati anapimwa.

Saiklopentoleti asilimia 1 (asilimia 0.5 kwa mchanga wa chini ya mwaka mmoja) hutiwa tone moja kila jicho, hurudiwa baada ya dakika 5, kisha hupimwa kwa retinoskopu (tochi ya kupimia nguvu ya miwani) baada ya dakika 30 hadi 45. Macho ya watoto wetu yana rangi nzito inayoshika dawa, kwa hiyo mara nyingi haitoshi. Mng'ao wa retinoskopu ukibadilikabadilika wakati unapima, lenzi bado inakaza, na jibu hilo usiliamini. Kwa mtoto mwenye makengeza ya kuingia ndani tunapendelea atropini asilimia 1: tone moja asubuhi na jioni kwa siku 3 kabla ya kipimo, nyumbani. Kwa wadogo wa chini ya mwaka tumia asilimia 0.5, au marhamu.

Mzazi aonyeshwe kwa vitendo namna ya kutia na kubana kona ya ndani ya jicho kwa kidole kwa dakika 1 hadi 2, dawa isishuke puani na kuingia mwilini. Tone moja la atropini asilimia 1 lina karibu miligramu 0.5 za dawa, kiasi kisicho kidogo kwa mwili wa kilo 10. Uso mwekundu, ngozi kavu yenye joto, moyo kwenda mbio au mtoto kuweweseka: acha dawa, mpeleke hospitali. Chupa iwekwe mahali asipofika, maana mtoto akiinywa anaweza kufa. Mboni zitabaki kubwa kwa wiki moja hadi mbili na mwanga utamsumbua. Mtahadharishe mzazi mapema.

Ukipima kwa retinoskopu umbali wa sentimita 67 toa dayopta 1.50 kwenye jibu, ukipima kwa sentimita 50 toa 2.00. Kusahau kutoa, au kutoa namba isiyolingana na mkono wako, huharibu miwani nzima.

Hatua ya nne: miwani, yote, muda wote

Kwa mtoto wa chini ya miaka 4 au 5 andika kipimo chote ulichokipata kwa matone. Usipunguze eti "ni kali kwa mtoto". Ukimpa +3 mtoto wa +5, unamwachia dayopta 2 za kukaza, na jicho litaendelea kupinda. Fremu iwe ndogo, mboni iwe katikati ya lenzi, na iwe na mkanda wa kuzunguka nyuma ya kichwa. Fremu inayoteleza puani humfanya mtoto achungulie juu yake, na hapo ni sawa na kutovaa. Lenzi ziwe za plastiki ngumu isiyopasuka vipande.

Ivaliwe tangu anapoamka hadi anapolala. Mtoto akiigoma wiki ya kwanza, matone ya atropini kwa siku chache humsaidia, kwa sababu bila miwani haoni vizuri.

Jambo moja lazima lisemwe kabla ya kumkabidhi mzazi miwani: baada ya wiki chache, akiivua, jicho litapinda zaidi kuliko zamani. Si kwamba miwani imeliharibu. Mtoto ameacha kupambana, basi unaona ukubwa halisi wa tatizo. Wazazi wasioambiwa hili huitupa miwani kabatini na hawarudi.

Mrudishe baada ya wiki 4 hadi 6, kisha tena kufikia miezi 3. Macho yakinyooka kabisa mbali na karibu akiwa na miwani, matibabu ndiyo hayo. Mtoto huyu hapasuliwi. Hili tunalisisitiza kwa sababu mzazi atakuomba umfanyie upasuaji ili aachane na miwani, na wapo wanaokubali. Uoni-mbali wa watoto wengi hupungua wakikua. Misuli iliyolegezwa bila sababu leo humwacha kijana mwenye jicho linalotoka nje kesho. Akinyooka mbali lakini akapinda karibu, jaribu lenzi zenye sehemu mbili, nyongeza ya +2.50 hadi +3.00, mstari wa kugawa ukipita katikati ya mboni. Fundi wa miwani aliyezoea wazee ataushusha chini. Mwandikie urefu kwa milimita.

Jicho lenye uoni hafifu nalo litibiwe sasa, kabla ya upasuaji. Kama upungufu ni wa kati, plasta ya kufunika jicho lenye uoni mzuri kwa saa 2 kwa siku huleta matokeo yanayolingana na saa 6, jambo lililothibitishwa na utafiti wa Marekani wa mwaka 2003. Upungufu mkubwa unahitaji saa 6. Ukipasua jicho ambalo bado ni vivu, ubongo hauna sababu ya kulishikilia mahali pake.

Nani anapasuliwa, na kwa milimita ngapi

Anapasuliwa mtoto ambaye, akiwa amevaa miwani kamili kwa wiki 6 hadi 12, bado anapinda kwa dayopta za prizimu 15 au zaidi, au anayepinda kidogo kuliko hapo lakini anaonekana wazi kupoteza uwezo wa kuunganisha picha mbili. Vipimo vichukuliwe mara mbili, siku tofauti, na vilingane.

Pima kwa prizimu, ncha nene ikiwa upande wa nje wa uso, ukihamisha kifuniko hadi jicho lisitembee tena. Pima mbali na karibu, na miwani na bila miwani: namba nne. Kama prizimu moja haitoshi, gawa kati ya macho mawili. Usizipange mbili kwa mwelekeo mmoja mbele ya jicho moja, kwa kuwa jumla yake haiwi sawa na namba zilizoandikwa.

Upasuaji wa kawaida ni kurudisha nyuma misuli ya ndani ya macho yote mawili. Kwa kila jicho, makengeza ya dayopta za prizimu 15 hurudishwa milimita 3.0, ya 20, 3.5, ya 25, 4.0, ya 30, 4.5, ya 35, 5.0, ya 40, 5.5, ya 50, 6.0. Kama jicho moja lina uoni mbaya usiopona, ni heri kufanya jicho hilo pekee: kwa 30, msuli wa ndani unarudishwa 4.5 na wa nje unafupishwa 7.0. Jicho lenye uoni mzuri lisiguswe.

Chukua mtoto wa miaka 3 mwenye +4.50. Bila miwani anapinda 45 karibu na 35 mbali; na miwani anabaki na 25 karibu na 20 mbali. Ukifuata namba ya mbali na miwani utarudisha 3.5, na kuna uwezekano mkubwa atabaki amepinda. Madaktari wengi huchukua wastani wa karibu na miwani na karibu bila miwani, hapa 35, wakarudisha milimita 5.0 kila upande. Akitoka nje kidogo baadaye, punguza nguvu ya miwani na macho yatarudi ndani. Kosa la upande huo lina dawa rahisi. La upande wa pili linarudisha mtoto chumba cha upasuaji.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mtoto alale kabisa. Asile chakula kigumu kwa saa 6, asinyonye kwa saa 4, maji matupu yaishe saa 2 kabla. Mwenye mafua au homa aahirishwe. Ketamini peke yake haifai, macho hutikisika. Suksametoni iepukwe: hukaza misuli ya jicho, na watoto wenye makengeza wanahofiwa zaidi kupata joto kali la hatari chini ya dawa za usingizi. Upasuaji huu hutapisha sana, hivyo deksamethasoni na ondansetroni zitolewe kabla ya kuamka.

Daktari wa usingizi na mpasuaji wazungumze muda wote, kwa sababu msuli wa ndani ukivutwa mapigo ya moyo huweza kushuka ghafla. Kitu cha kwanza ni kuachia msuli. Mapigo yasiporudi, atropini mikrogramu 10 hadi 20 kwa kilo.

Mkato hufanywa kwenye konjaktiva, yaani ngozi laini inayofunika weupe wa jicho, upande wa chini-ndani, kama milimita 8 kutoka ukingo wa konea, kisha tabaka la chini yake hadi sklera, ukuta mweupe wa jicho, ionekane. Ndoano ndogo hushika msuli, ndoano kubwa huifuata. Hakikisha msuli wote umeshikwa kwa kupitisha ndoano ya pili ukingoni. Nyuzi chache zikiachwa, jicho halitahama hata urudishe milimita ngapi. Msuli wa ndani hujishikiza milimita 5.5 hivi kutoka ukingo wa konea. Pitisha uzi wa 6-0 unaoyeyuka, wenye sindano bapa, milimita 1 kutoka mshikizo, na ufunge fundo la kukaza kwenye kila ukingo wa msuli. Fundo likishika kifuko kinachouzunguka msuli tu bila nyama yake, msuli utateleza nyuma ndani ya kifuko chake.

Kata msuli karibu na jicho, pima kwa kalipa kuanzia mshikizo wa zamani, kisha shona kwenye sklera. Hapo ndipo pa hatari: nyuma ya mshikizo sklera ina unene wa milimita 0.3 tu. Sindano ilale sambamba na ukuta wa jicho, na uione kupitia sklera muda wote. Ikitoboa, toa sindano, panua mboni, tazama retina papo hapo.

Baada ya hapo

Matone ya antibayotiki yenye steroidi mara 4 kwa siku, wiki 1 hadi 2. Wekundu hukaa wiki 2 au 3. Kuogelea kusubiri wiki 2, na mtoto asichezee mchanga wiki ya kwanza. Miwani inarudi usoni kesho yake, isipokuwa daktari ameibadilisha.

Arudi siku ya kwanza, wiki ya kwanza, wiki ya sita. Kope kuvimba sana, usaha, homa, au uoni kushuka: arudi siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Jicho lililokuwa limenyooka likitoka nje ghafla na likakataa kuingia ndani, msuli umeteleza, na ni bora urudishwe ndani ya siku chache kabla haujashikana na makovu.

Mzazi aambiwe wazi kabla ya kutia sahihi: watoto kama 6 hadi 8 kati ya 10 hunyooka kwa upasuaji mmoja, waliobaki huhitaji marekebisho ya miwani au upasuaji wa pili. Kazi hii ifanyike penye daktari wa macho ya watoto na daktari wa usingizi aliyezoea watoto, kama KCMC Moshi, CCBRT na Muhimbili Dar es Salaam, Kikuyu nchini Kenya, au Ruharo huko Mbarara, Uganda. Aliyefanyiwa akiwa na miaka 3 aendelee kupimwa kila miezi 4 hadi 6 mpaka afike angalau miaka 8, na kila mwaka kipimo cha miwani kirudiwe kwa matone.